Nyenje na Moyo Usiopimwa

Nifungue?
Fungua!
Mkiogopa?
Tutasogeleana!

Basi sogeleaneni. Ukame ulikula majani, ukala mizizi, ukaanza kula watoto. Wanyama wakaunda chombo cha kibuyu kikubwa, kirushwe juu kikaitafute mvua. Ndani wakaweka paja la nyati, masurufu ya safari, na nafasi ya mmoja wa kupiga mapigo sawasawa, ta, ta, ta, walio chini wayahesabu mpaka kibuyu kifike penye mvua, wajue iko umbali gani, wahamie huko. Mapigo yakibadilika, hesabu inapotea. Hesabu ikipotea, watahamia mautini.

Msimamizi alikuwa Fisi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumkatalia. Alimpima kila mmoja mapigo yake juani, kisha kwenye baridi ya pangoni, akilinganisha na moyo wake mwenyewe. Aliyebadilika, alimla.

Akaja Chura. Juani: kro, kro, kro. Pangoni: kro… kro…

"Umebadilika," akasema Fisi. Kwapu!

Akaja Kware. Juani: pi, pi, pi. Pangoni: pi… pi…

"Umebadilika." Kwapu!

Ikafika zamu ya Nyenje, manyoya ya Kware yakielea mbele yake. Alijijua: baridi ikimshika, mabawa hulegea na mlio hupungua.

"Njoo, kidudu."

"Naja, Bwana Mkubwa. Ila naomba nife nimeelewa. Sisi unatupima kwa moyo wako. Huo moyo nao ulipimwa kwa kitu gani?"

"Moyo wangu haupimwi!"

"Haubadiliki?"

"Haubadiliki!"

"Wasikie wote?"

"Wasikie!"

Nyenje akawageukia wenzake. "Jamani, si tulikuwa tunatafuta kisichobadilika? Kumbe tunacho. Na lile paja, nani mwingine wa kulimaliza?"

Fisi akawatazama wanyama. Akalitazama paja. Akaingia.

Wakaupinda mti wa kukirushia kibuyu, wakauachia. Fyuuu! Kibuyu kikaukuza moyo wake kama ngoma: du, du, du. Wakahesabu. Baridi ya juu ikamfikia: du… du… Kisha kimya.

Wakahama kwa kubahatisha. Nusu yao hawakufika. Nyenje alifika, na kila alipomkumbuka Fisi hakucheka, maana yule naye hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba ana moyo kama wa wengine.

Nifunge?
Funga!

Funzo, wanangu: ukitaka kuaminiwa, uwe imara kama Fisi. Tangu siku ile hajabadilika hata kidogo.