Fulana Tupu ya Tusekile

Hivi, wajukuu zangu, mnadhani methali zote zilitungwa na wazee wa kale? Hii mliyoisikia leo, "Nyutroni haina chaji, lakini kiini huihitaji," ilitoka kwa wasichana wa kidato cha tatu kule Tukuyu, na mwanzo wake ni huu.

Shule yao ilialikwa kwenye maonyesho ya sayansi, na Mwalimu Mwakipesile akatunga ngoma ya kiini cha heliamu. Kiini ni kile kitu kidogo mno cha katikati ya atomu. Elektroni zenyewe ziko mbali huko nje. Ndani ya kiini mna protoni mbili zenye chaji chanya, na nyutroni mbili zisizo na chaji yoyote. Mwalimu akaagiza kila mchezaji ashikane mikono na wenzake, maana nguvu ya kiini huwashika wote wakikaribiana sana. Ila protoni, ngoma ikilia, wasukumane kwa mabega, kwa kuwa chaji za namna moja hazipatani.

Nsubili, kiongozi wa kikundi, na rafiki yake Gwantwa wakajitwalia fulana zenye alama nyekundu ya kujumlisha. Tusekile, binti mpole, na mwenzake mmoja wakawa nyutroni; wakapewa fulana tupu, nyeupe kama unga wa sembe. Tusekile akaifua yake, akainyoosha kwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo ya mikono ikasimama.

Ilipobaki siku moja, Nsubili akawaondoa nyutroni wote wawili. Heliamu ni ya pili kwenye jedwali la elementi, akasema, basi wawili wanatosha.

"Wewe Tuse huna hata alama. Utacheza nini, uzito?"

Wenzake wakacheka. Tusekile akaivua fulana yake, akaikunja, akaenda kukaa benchini.

Mwalimu akaja kuangalia mazoezi ya mwisho. Ngoma ikalia; Nsubili na Gwantwa wakashikana, wakasukumana, mikono ikachomoka. Wakarudia, ikachomoka tena. Mara ya tatu Gwantwa akaketi matopeni, na matope ya Tukuyu mnayajua. Mwalimu akasema heliamu ya namna hiyo haidumu, na kama ni hivyo kesho hawaendi kokote.

Tusekile akainuka benchini. Akavaa fulana yake, akamvuta mwenzake wa fulana tupu, wakajipachika kati ya wale wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia. Wao walishika tu, hawakumsukuma mtu. Ngoma ikalia, mabega yakasukumana, duara likayumba huku na huku. Halikuachia.

Nsubili akaivua fulana yake aliyoivaa juu ya sare, akamnyooshea Tusekile.

"Chukua, dada. Umeistahili."

Tusekile akatikisa kichwa.

"Sitaki alama. Tangu siku ya kwanza nilitaka hii hii tupu, nikaona haya kusema. Nyutroni haina chaji, lakini kiini huihitaji."