Kijana Asiyesogea

Mtu mmoja alikuwa na mtoto mmoja na kamba moja, na vyote viwili alivipenda sana.

Jina lake Shaame. Kwao ni Pemba, ndani huko kwenye mikarafuu, na kijijini kwao mpunga ukishavunwa na mabonde yakakauka, watu hucheza ng'ombe. Fahali hufungwa kamba ndefu ya makumbi ya nazi, kamba ikazungushwa kwenye kisiki kilichochimbiwa pembeni mwa uwanja, na nyuma ya kisiki akakaa mtu mmoja tu, mshika kamba. Zumari likalia, ngoma zikaitikia, wanawake wakajitokeza na kanga ambazo hazijaguswa na maji. Kisha vijana huingia mmoja mmoja na kitambaa chekundu. Kijana humwita fahali, fahali humjia, kijana humkwepa. Mchezo ndio huo, na sheria yake ni moja: mshika kamba havuti mpaka kijana ameanguka. Kamba imewekwa kumwokoa aliyekwisha anguka. Haikuwekwa kumzuia fahali asifike.

Shaame aliishika kamba hiyo tangu kidevu chake hakina ndevu, na baba yake kabla yake. Hakuna aliyemwuliza habari za mkono wake. Mkono wa Shaame ulikuwa kama mizani ya dukani kwa mtu mcha Mungu.

Ila mkewe, Riziki, alikuwa amezaa akazika, akazaa akazika, mpaka wanawake wa jirani wakawa wanaona haya kumpongeza kila tumbo lake linapoonekana. Wa mwisho ndiye Kheri, na huyo akakaa. Alilelewa kama yai kwenye kitambaa. Hakutumwa kuni, hakupanda mti, akipiga chafya nyumba nzima inasimama. Lakini mtoto wa kiume hafungiwi kabatini. Siku ikafika, Kheri akasema naye anaingia uwanjani na wenzake.

Asubuhi ile Riziki alisimama mlangoni, akamzuia mumewe kwa mkono.

"Mume wangu," akasema, "mimi mwengine sina."

Shaame alichukua kamba yake akatoka.

Kheri akaingia. Fahali akamwona, akainamisha kichwa, akaja. Na mtoto wa watu, badala ya kukwepa, miguu ikamganda. Hofu ilimshika kuanzia nyayo mpaka kwenye ulimi. Kidogo tu ajiharibie nguo mbele ya wakwe wa kesho. Shaame aliyaona hayo yote kutoka nyuma ya kisiki chake. Akavuta. Hakungoja aanguke. Alivuta kidogo, kwa ujuzi, na fahali akasimama shubiri moja kutoka kifuani kwa mwanawe, anapuliza vumbi kwa pua.

Kwa vumbi lile nani angeiona kamba? Watu walimwona kijana aliyejiwa na fahali asisogee. Uwanja ukalipuka. Vigelegele vikatoka hata kwa wazee wasio na meno. "Hakusogea! Mtoto wa Shaame hakusogea!" Na Kheri, ambaye punde tu alikuwa karibu kulia, akayasikia maneno hayo, akayaonja, akayaona matamu, akayaamini. Akaamini kwamba fahali akimfikia mtu jasiri husimama mwenyewe.

Tangu siku hiyo hakukwepa tena. Kila mchezo aliingia, akatupa kitambaa begani, akasimama. Fahali akaja, Shaame akavuta, fahali akasimama. Wakampa jina Nguzo. Wasichana wakamtungia nyimbo, mafundi wakamshonea fulana bure, na Riziki akawa anatembea sokoni shingo imenyooka, mwanamke ambaye miaka yote alipita kichwa chini. Shaame alimwona mkewe akicheka na watu, akajisemesha moyoni: nimemwibia nani? Kamba ni ileile, mtoto ni wangu.

Kwa watoto wa wenziwe mkono ulibaki wa sheria. Hakuwaonea hata mara moja. Walianguka kwanza, ndipo akavuta. Ngwali, mtoto wa Bi Mchanga, alianguka mpaka watu wakamzoea. Alianguka kwa mgongo, kwa ubavu, siku moja akaanguka ndani ya chungu cha uji wa muuzaji. Lakini kila alipoanguka aliinuka na kitu. Alijua fahali akitaka kugeuka hutangulia bega gani. Alijua pumzi yake ikibadilika kuna nini nyuma yake. Mwili wake ukaanza kuruka kabla akili haijauamuru.

Bi Mchanga sasa. Huyo jambo likimwingia sikioni alfajiri, adhuhuri limeshafika kisimani, bandarini, na kwa mtu aliye hospitali Wete. Na kwa kuwa mwanawe ndiye aliyekuwa akigaragazwa, watu wakimtazama fahali, yeye alimtazama mshika kamba. Akaona.

"Shaame wee!" alipiga kelele siku moja, zumari limenyamaza, kila mtu anasikia. "Hebu tuambie, kamba yako ina macho? Mbona inamjua mwanao kwa sura?"

Watu wakacheka. "Mwanao hawezi kusimama, mama," mmoja akamjibu. "Mfundishe kwanza, kisha uje useme ya kamba."

Bi Mchanga akatia ncha ya kanga mdomoni. Mama wa aliyeanguka, nani amsikilize?

Ukaja mwaka wa mashindano ya vijana. Vijiji vilikusanyika, vijana wakacheza siku nzima, na Mzee Makame, mkuu wa mchezo, alipoulizwa nani bora hakuwa na haja ya kufikiri. Walimbeba Kheri mabegani. Na kijana aliyekuwa bora alikuwa na heshima yake ya kale, ambayo haikutolewa kwa kila mtu wala kila mwaka: kesho yake, alasiri, angecheza na fahali aliyefunguliwa. Bila kisiki na bila kamba. Yeye na mnyama.

Shaame alikuwa angali amekaa chini nyuma ya kisiki alipoyasikia. Watu walimpita mbio wakienda kumpongeza mwanawe. Mmoja aliifungua kamba kwenye shingo ya fahali, akaikunja, akaiweka mapajani mwa Shaame, akamwambia, "Baba Nguzo, kesho pumzika. Kesho nawe mtazamaji."

Asubuhi Shaame alimkuta mwanawe kisimani anafua kitambaa chake chekundu, anaimba kwa pua. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga vizuri tangu alipoamka. Yalipofika mdomoni yakageuka mengine.

"Ukimwona anakuja," akasema, "ruka pembeni."

Kheri akacheka, akakamua kitambaa. "Niruke mimi, baba? Watu watasemaje?"

Na hilo ndilo swali ambalo Shaame mwenyewe alikuwa amelala nalo. Watu watasemaje. Aseme kwamba Nguzo ni kamba? Aseme kwamba mizani ya mcha Mungu ilikuwa na kidole chini yake? Bi Mchanga angeipata habari hiyo kabla jua halijapanda. Na Riziki, shingo yake ile iliyonyooka, aiinamishe tena? Na kijana mwenyewe je, na uso wake ule unaong'aa kama sufuria mpya? Shaame akajiambia labda. Labda miaka imemfundisha. Labda fahali mwenyewe amezoea kusimama. Mtu aliyeficha jambo muda mrefu huanza kulitegemea lisiwe kweli.

Alasiri uwanja ulijaa mpaka vijana wakapanda mikarafuu. Fahali aliletwa na watu wanne. Kabla hawajamwachia, Mzee Makame alifanya ilivyo desturi: aliinua fimbo, zumari likakatika, akamgeukia mzazi. Katika mchezo ule wote mzazi hana sauti, ila hapo. Hapo akisema hapana, kijana hutoka, na hakuna anayeruhusiwa kumcheka. Hata kuuliza sababu ni mwiko.

"Mzazi," akasema Mzee Makame. "Una neno?"

Riziki alikuwa mstari wa mbele, kanga mpya, vigelegele vimeshajaa shavuni. Kheri alimtazama baba yake akitabasamu, kama mtu anayengoja kupewa salamu tu.

"Sina neno," akasema Shaame.

Wakamwachia.

Fahali alizunguka kidogo, anashangaa wepesi wa shingo yake. Kisha akamwona Kheri. Kheri akatupa kitambaa begani, akasimama. Fahali akainamisha kichwa, akaja, na watu wakaanza kuimba jina la Nguzo. Alikuja, alikuja, na Kheri hakuruka, hakupinda hata goti. Hakuogopa. Angeogopa labda angeokoka. Alikuwa anangoja. Mwili wake ulikuwa umejifunza jambo moja tu maishani, kwamba fahali akifika hapo husimama, nao ulingoja asimame.

Watu wote walikuwa wanamtazama fahali. Ni Bi Mchanga peke yake aliyetazama kwingine, kwa mazoea yake. Alimwona Shaame amekaa kati ya watazamaji, magoti yamepanda, mikono miwili ameinyoosha mbele, ngumi zimekaza. Alimwona anavuta. Hakuna kitu mkononi, na mtu anavuta kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemtoka.

Ngwali ndiye aliyeruka ndani. Alimpiga fahali kwa kitambaa usoni, akalijua bega lilipogeukia, akamtoa pale akamzungusha mbali mpaka watu wakamdhibiti. Lakini Kheri alikuwa amekwisha chukuliwa na pembe. Walimlaza kivulini. Alimtafuta baba yake kwa macho, akamwona. Uso wake haukuwa na maumivu hata, ulikuwa na mshangao, kama wa mtu aliyedanganywa na rafiki. Wakambeba kumpeleka hospitali, akakata roho hata barabarani hawajafika.

Msiba ulikuwa mkubwa, wa vijiji vyote. Na wote waliokuja kumpa Shaame mkono walimwambia neno lilelile, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza kulisema: "Baba Nguzo, jipe moyo. Mwanao amekufa shujaa. Hakusogea." Ndani, kwa wanawake, Riziki naye alikuwa analishika hilohilo. Kila akizidiwa na kilio alisema, "Hakusogea mwanangu, mlimwona? Hakusogea," na wenziwe wakasema tulimwona, mama, tulimwona, akatulia. Ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho. Shaame aliisikia sauti yake kupitia ukutani, akajua kwamba neno alilolikataa siku ile uwanjani, leo hata akilitaka hawezi kulisema. Likitoka sasa halimwokoi mtu. Litamvua mama wa watu kanga aliyojifunika.

Siku ya tatu Bi Mchanga alikuja. Alipita kwanza kwa wanawake, akalia nao, na Riziki alipouliza mlimwona, na yeye akasema nilimwona. Halafu akatoka barazani alikokaa Shaame na wanaume. Watu wakatazamana. Wengine walisogea kidogo wapate kusikia, maana mdomo ule wakiujua. Akainama kama anayetoa pole, akamsemesha chini chini:

"Niliiona mikono yako."

Shaame akangoja yaliyobaki. Alikuwa radhi kuyasikia. Nadhani alikuwa na kiu nayo. Laiti angetukanwa hapo mbele ya baraza, angepata mahali pa kuutua mzigo. Lakini Bi Mchanga hakuongeza. Alijitanda kanga yake, akashika njia. Na mwanamke yule, ambaye hakuwahi kulala na habari, hiyo hakumpa mtu. Mwaka ukapita, na wa pili. Walipokutana njiani walisalimiana vizuri, "Hujambo Shaame," "Sijambo Bi Mchanga," na kila mara yeye Shaame ndiye aliyeinamisha macho.

Enyi mliozaa, na mnaotarajia kuzaa: mwanao anaposimama mbele za watu akisifiwa, unajua kama amesimama yeye, au mkono wako? Na siku utakapoulizwa kama una neno, utasema nini?