Firigisi Moja na Gari Lenye Homa

Hapo zamani, wajukuu zangu, wala si zile zamani za fisi kuvaa kanzu, ni zamani za juzi tu, magari yalipokwisha kutiwa turbo na barabara zingali na mashimo, alikuwako kijana jina lake Mwadime. Mwadime alikaa bondeni. Moyo wake ulikaa mlimani.

Huko mlimani alikuwako msichana, Wakesho, binti wa Mzee Mwachofi. Mwadime alimpenda Wakesho. Wakesho alimpenda Mwadime. Kilichobaki kati yao ni mlima wenyewe, Mlima Shengoma, mkali kama ulimi wa mke mwenza, kona juu ya kona, na kona mbaya kuliko zote ikiitwa Kaanguka Mbuzi.

Mzee Mwachofi akatuma neno bondeni: "Njooni na posa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mfike kabla jua halijavuka utosi. Alasiri nina wageni wengine, watu wa yule kijana mwenye duka la saruji, nao wanakuja na tarumbeta. Mkichelewa, nitawasikiliza wao."

Mwadime hakuwa na gari. Ila alikuwa na rafiki, Mwasaru, fundi wa magari, mwenye gari la samawati lenye tundu kama pua juu ya boneti. Gari lile lilikuwa na turbo. Turbo ni kitu mlafi: inaimeza hewa, inaisonga, inaisukumia injini kwa nguvu. Hewa ikisongwa hupata moto, hata wewe ukisongwa utapata moto. Basi imewekwa sega la bati la kuipoza, ndilo mafundi huliita intakula. Kwenye tambarare, intakula inapigwa na upepo, gari linakimbia kama limeibiwa. Lakini mlimani mwendo ni mdogo, upepo hakuna, intakula inashika moto na gari linakosa pumzi.

Wiki ya kwanza wakaenda kuujaribu mlima. Wakampa lifti Shangazi Mkawasi, dada yake baba wa Mwadime, aliyekuwa na matenga ya nyanya. Gari likapanda, likapanda, likapanda. Kufika Kaanguka Mbuzi, likaanza kukohoa. Punda wa mtu akawapita.

"Mwasaru mwanangu," Shangazi akasema, "hili gari lako ni la turbo au la maombi?"

Mwasaru akafungua boneti kwa hasira. Shangazi akashuka, akaweka kiganja karibu na intakula, akakiondoa upesi.

"Huyu ana homa," akasema.

"Shangazi, hiyo ni intakula."

"Iite utakavyo. Mtoto akishikwa na homa, kabla hujamkimbiza kwa daktari unamfanya nini? Si unamwekea kitambaa cha maji kwenye paji? Basi mwekee maji."

Mwasaru akacheka. Akacheka, kisha akanyamaza. Fundi akinyamaza, jueni kuna kitu kimemwingia.

Akarudi gereji. Akang'oa pampu ya kurushia maji kioo kwenye gari bovu lililokuwa likilaza kuku. Akachukua noseli, kile kidomo cha kurushia, kwenye pampu kuukuu ya kupulizia nyanya dawa, akaiosha, akaichemsha, akaiosha tena. Akatia dumu dogo kwenye buti, akalaza mpira wa maji kutoka dumu hadi chini ya ile pua ya boneti, akafunga swichi ya honi ya pikipiki chakavu kando ya gia. Vidole vikachubuka, kucha moja ikang'oka. Noseli ikirusha maji kama mkojo wa mbuzi, anafungua upya. Ikitonatona, anafungua upya. Mpaka siku moja akabonyeza na ukungu mwembamba ukafunika intakula nzima: pssss!

"Mwadime!" akaita. "Umeoa!"

"Bado, ndugu yangu," Mwadime akasema. Lakini alikuwa ameshaanza kutabasamu kama mtu aliyeoa.

Jumamosi ikafika. Mshenga alikuwa Mjomba Righa, mzee wa maneno matamu na magoti mabovu. Naye alibeba dumu kubwa la mbangara, pombe ya miwa aliyoipika mama yake Mwadime. Kwa desturi yao pombe ya posa hungojewa iive asubuhi ileile, na huchujwa mbele ya wakwe. Mshenga asiye na pombe hana mdomo. Atasimama uani kama nguzo.

Wakaondoka. Hata hawajafika mbali, Shangazi Mkawasi, aliyeketi nyuma na Mjomba, akapiga kelele: "Simamisha! Geuza gari!"

"Kuna nini?"

"Leso yangu! Mmeisoma?"

Wakaisoma. Ilikuwa imeandikwa: *Wakwe wenye tamaa hawashibi.*

"Nivae hii mbele ya Mzee Mwachofi?" Shangazi akasema. "Si afadhali tupeleke matanga?"

Wakarudi. Shangazi akabadilisha leso, ile mbaya akaisokomeza mfukoni mwa kikapu, na jua likaendelea na safari yake bila kumngoja mtu.

Wakafika sokoni, mguuni mwa mlima. Wasichana wa sokoni wakalitazama gari. Mwasaru akabonyeza swichi: pssss! Ukungu ukatoka kwenye pua ya boneti, wasichana wakapiga vigelegele. Akabonyeza tena: pssss!

"Maji hayo!" Mwadime akasema.

"Tulia, bwana harusi. Lipo dumu jingine la akiba nyuma."

Gari likapanda, likapanda, likapanda. Homa ikija, pssss, homa inashuka. Kona moja, pssss. Kona nyingine, pssss. Wakampita yule punda, na Shangazi akatoa kichwa dirishani akamwambia, "Msalimie mwenye nyumba!" Mwadime alihesabu kona kama mtu anayehesabu shanga za mpenzi wake.

Kufika Kaanguka Mbuzi, Mwasaru akabonyeza. Swichi ikalia *tk*. Hakuna pssss.

"Maji yamekwisha. Mwadime, shuka umimine lile la akiba."

Mwadime akafungua buti. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Liko wapi?"

Mjomba Righa akakohoa. "Lile dumu la manjano? Nililishusha nyumbani. Magoti yangu, wanangu... nililikuta pale ninapowekea miguu. Nikasema, maji si hata kwa wakwe yapo?"

Kiangazi kilikuwa kimeukausha mlima; hata chura hakuwa na pa kukojoa. Gari lilikuwa likikohoa. Mwadime akatazama kivuli chake: kilikuwa kimejikunja chini ya viatu. Bado kidogo tu jua likae utosini. Na kule chini, mbali, akasikia tarumbeta inajaribiwa. Pa-raa!

Akaketi juu ya jiwe.

Mjomba Righa akamtazama kijana yule. Akalitazama dumu la mbangara. Akamtazama kijana tena. Kisha akalifungua, akapiga funda moja, akafumba macho kama anayemuaga marehemu.

"Mimina," akasema.

"Mjomba! Utasema na nini mbele ya wakwe?"

"Nitajua nikifika. Nisipofika sitakuwa na wa kumwambia. Mimina!"

"Ngoja!" Mwasaru akasema. "Machicha yataziba noseli, na hapo hatutoki tena."

Shangazi akaivuta ile leso mbaya kikapuni, akaitandaza mdomoni mwa dumu dogo. Pombe ikachujwa kupitia *Wakwe wenye tamaa hawashibi*, ikashuka safi.

Mwasaru akabonyeza. Pssss!

Na gari likapanda! Likapanda huku mlima mzima ukinukia miwa. Nyuki wakalifuata. Wazee wawili waliokuwa wakipalilia wakatupa majembe, nao wakalifuata. Dumu kubwa likanywewa lote, na gari likaingia uani kwa Mzee Mwachofi jua likiwa kamili juu ya utosi, halijavuka hata unywele.

Mzee Mwachofi akatoka. "Mmefika," akasema. "Pombe iko wapi?"

Mjomba Righa, mzee wa maneno matamu, akafungua mdomo, akaufunga. Ikabidi Mwadime aseme mwenyewe. "Baba, pombe imenywewa na gari."

"Mkono mtupu haulambwi, kijana."

Lakini pua ya mzee ilikuwa na habari zake. Akaliendea gari, akaomba boneti ifunguliwe. Intakula ilikuwa imepoa, inameremeta utamu. Mzee akapitisha kidole chake juu yake, akakiramba.

"Imepikwa na nani?"

"Na mama."

Akakiramba tena. Akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Basi imefika! Karibuni ndani. Na wale wa tarumbeta wakija, wapeni chai."

Kuku akaliwa, ikabaki firigisi. Mnajua, firigisi ni ya mtu mmoja. Mzee Mwachofi akaiweka kwenye kisahani, akakisogeza mbele ya Mwadime.

"Hapa kwangu firigisi hupewa yule aliyeifikisha safari. Gawa wewe. Usiikate, firigisi iliyokatwa ni mboga tu. Nataka kuona kama binti yangu anaolewa na mtu anayemjua aliyembeba. Ukinipendeza, tunataja siku ya harusi. Usiponipendeza, mteremko hauhitaji turbo."

Mwadime akakipokea kisahani.

Shangazi Mkawasi akatangulia. "Kabla yangu gari lilikuwa linakohoa na nyie mnalitukana. Nani aliyeitambua homa? Nani aliyesema maji? Na pombe ilichujwa na leso ya nani?"

"Leso hiyohiyo iliyoturudisha bondeni!" Mwasaru akaruka. "Shangazi, maneno hayapandi mlima. Wangapi wamesema 'mwekee maji' wakaenda kulala? Mimi nilifunga, nikafungua, nikafunga. Kucha yangu iko wapi? Kila pssss iliyotufikisha hapa ilitoka kwenye mikono hii."

"Na kila pssss ya sokoni je?" Shangazi akamjibu. "Maji ya posa ukawaogeshea wasichana wa watu!"

Mjomba Righa akanyoosha magoti yake. "Hawa wawili walitoa walichokuwa nacho tele. Yeye maneno, huyu vyuma. Mimi nilitoa mdomo wangu. Mshenga bila pombe ni jogoo bila koo, na nilijua naja kuaibika mbele ya watu. Nikasema mimina."

"Na dumu la maji," Mwasaru akauliza polepole, "lilishushwa na nani, Mjomba?"

"Na magoti," Mjomba akasema. Nyumba nzima ikaangua kicheko, hata wale wazee wawili waliofuata harufu.

Mwadime hakucheka. Alimtazama shangazi, akaona kiganja chake kikiondolewa upesi kwenye moto. Alimtazama Mwasaru, akaona kidole kisicho na kucha. Alimtazama mjomba, akaona yale macho yaliyofumbwa Kaanguka Mbuzi. Kila mmoja alimbeba. Kila mmoja nusura amwangushe.

"Firigisi inapoa," Mzee Mwachofi akasema.

Mlangoni mwa jiko Wakesho alisimama na mwiko mkononi, hapumui. Nje tarumbeta ilikuwa imefika uani, inapiga pa-raa, pa-raa, na hakuna aliyegeuza kichwa. Mwadime akaishika firigisi kwa vidole viwili, akaiinua.

Haya, ninyi mlioshiba hapa, msinitazame mimi, siku hiyo kisahani sikushika mimi. Yupo aliyewaza, akawachelewesha wenzake. Yupo aliyetengeneza, akamwaga maji. Yupo aliyetoa pombe, akaacha dumu. Je, nani alistahili firigisi? Semeni upesi, Wakesho amesimama siku nyingi.