Kwa Nini Pembe ya Baraza la Irindi Hupigwa Bondeni

Bi Mghoi wa Irindi amekisimulia kisa hiki miaka mingi, na liko jambo moja ambalo hajawahi kulitatua: Wakesho alipomkaribisha mzee Mwandoe alale kwake, alijua kitakachotokea asubuhi, au alikuwa tu mtu mwenye adabu? Wasikilizaji humtaka achague moja. Yeye hutikisa kichwa, kisha huanza.

Enzi hizo hapakuwa na kaunti wala hakimu wa kuajiriwa. Baraza la wazee lilikaa kileleni, na watu wote, wa mlimani na wa bondeni, walipeleka mashauri yao huko. Jua likichomoza, pembe ilipigwa. Kivuli cha nguzo ya baraza kikifika kizingitini, majina yalitajwa, na asiyekuwapo alishindwa. Haikuwa sheria ya hila. Wazee walikuwa wameupima mwendo: mtu akiondoka bondeni jua linapochomoza, atafika kabla ya kivuli.

Hata hivyo watu wa bondeni walichelewa. Walifika wakitweta, wakaapa kwamba wameondoka na jua, na hakuna aliyewaamini. Watu wa juu walisema bondeni huamka na mbuzi, si na jogoo. Wa bondeni nao walisema haki ya kileleni ina wenyewe. Mwandoe, mkuu wa baraza, hakuwachukia. Aliwasikitikia tu, kama mzazi anavyomsikitikia mwana mvivu, akaendelea kuwahukumu.

Mwaka mmoja aliyechelewa alikuwa Wakesho, mjane wa bondeni. Shamba lake la kando ya mto, lililowalisha wanawe wanne, likapewa Mkanyika wa mlimani, aliyedai kwamba lilikuwa la babu yake. Kwa desturi, mkuu wa baraza ndiye aliyeshuka mwenyewe kupanda masale mpakani, mmea ambao hakuna aliyethubutu kuung'oa. Mwandoe akashuka, akapanda, jua likamchwea huko. Majirani walijifanya hawamwoni. Wakesho akamtandikia ngozi, akampa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na hakutaja shamba hata mara moja. Mzee aliyanywa kwa shida. Angekuwa ametukanwa, angelala vizuri zaidi.

Jogoo alipowika, akachukua fimbo aende zake. Wakesho akamzuia. Nyati walikuwa kivukoni, kwenye njia ya kupandia mlimani, alisema, na hawakuwa na mazoea ya kuondoka kabla jua halijawapiga mgongoni. Mwandoe akaketi mlangoni kungoja.

Ndipo aliposikia pembe ikilia juu. Akainua macho. Kilele kilikuwa kinang'aa kama shaba, na hapa chini hakuweza kuona vizuri vidole vya mkono wake. Mlima, uliosimama upande wa mashariki, ulikuwa umelikinga jua.

"Jua lenu huchelewa hivi kila siku?" akauliza.

"Halichelewi, baba," Wakesho akajibu. "Hufika linapofika. Kunywa uji."

Akaunywa, huku majina ya watu aliowahukumu yakimjia moja baada ya jingine, na nyuso zao zenye jasho.

Alipofika barazani, kivuli kilikuwa kimekwisha kuvuka kizingiti. Mzee Mlamba akamcheka. "Mwenzetu kalala bondeni siku moja, keshakuwa mmoja wao."

Mwandoe hakuketi kwenye kigoda chake. Alisimama pale waliposimama walioshindwa.

"Nimeondoka na jua," akasema. "Nani hapa ananiamini?"

Akawaeleza aliyoyaona, nao wakabishana hadi mchana. Wengine walihofu kwamba hukumu moja ikifunguliwa, zote zitafunguliwa. Mwandoe akasema basi na zifunguliwe. Kesho yake wazee wawili wakashuka kwenda kulala bondeni, wakarudi nao wamechelewa.

Shauri la Wakesho likasikilizwa upya, yeye mwenyewe akiwapo na majirani waliomwona baba mkwe wake akifyeka pori la shamba lile. Mkanyika akakiri kwamba habari za babu alizisikia tu kwa mjomba. Mwandoe akashuka mara ya pili, akang'oa masale kwa mikono yake, watu wakimtazama.

Na tangu siku hiyo, baraza la Irindi halikai mpaka bondeni waseme kumekucha. Hata sasa, ambapo kaunti imekwisha kujenga mahakama ya mawe kule kileleni, karani hasomi jina la kwanza kabla ya kusikia sauti ya pembe kutoka kivukoni, na mahakimu wageni huzoea. Wazee wa enzi zile waliamua hivi: pembe iteremshwe, na muda wa kungoja uanze kupimwa pembe inapolia. Aliyekabidhiwa alikuwa Wakesho. Asubuhi ya kwanza alisimama kivukoni hadi nyati wa mwisho alipoondoka, akaiweka pembe mdomoni, akapuliza. Ilitoka pumzi tupu, wanawe wakaangua kicheko. Akapuliza tena, na huko juu wazee wakainuka, wakaanza kungoja.