Gugu Lililokwisha kwa Barua

Mji wa maji, muulize mchota maji.

Ndivyo alivyowaambia mwalimu wenu wa kwaya jana, mlipomsumbua kwa maswali ya safari ya Kigoma: mtakula wapi, mtalala wapi, boti la kwenda vijijini mtalipandia wapi, na siku zenyewe ni mbili tu. Mkacheka, mkaona anawakwepa. Kisha Kabula akaja kwangu na wenzake nyuma, akaniuliza, "Babu, hayo maneno yalianza na nani?"

Methali nyingine hazina mwenyewe, zimekuwapo tangu mababu. Hii ina mwenyewe, nami nilimjua. Kaeni niwaambie ilivyoanza.

Ilikuwa miaka ile gugu maji lilipoingia ziwani kwetu. Ninyi mmezaliwa mmelikuta, hamjui lilivyotushangaza. Jani pana la kijani, ua la zambarau, zuri kabisa, na chini yake mizizi kama ndevu. Halikai mahali pamoja. Upepo ukivuma huku linasukumwa huku, ukigeuka nalo linageuka. Unalala gati iko wazi, maji yanameremeta. Unaamka ghuba nzima imekuwa kama shamba la mpunga, na ndege wanatembea juu yake kwa miguu. Boti likijaribu kupita, mizizi inalikamata pangaboi la injini, mwisho wa safari.

Wenyeji tulizoea upesi. Gatini pakiziba, boti linahamia mwalo mwingine penye maji wazi, huenda Nyamihanga nyuma ya majabali, huenda Igalu. Hakuna anayetangaza. Sasa mtu ajuaje leo ni wapi? Kwa wachota maji. Mchota maji hawezi kutia ndoo kwenye gugu, atapata tope na wadudu. Kwa hiyo kabla hakujapambazuka vizuri ameshazunguka pwani yote kutafuta maji safi. Penye maji safi ndipo boti litakapofunga kamba. Mama wa kisiwani mwenye kuku wake wa kurudi nao alikuwa haendi kwanza gatini. Alikuwa anasimama njiani, anamsalimu mchota maji, anauliza, "Leo umechota wapi?" Basi, amekwisha kujua.

Hodari wao alikuwa Nyanjige. Msichana mrefu, ndoo kichwani na nyingine mkononi, tone halidondoki. Alikuwa anachota kwa ajili ya mama ntilie na kwa ajili ya maboti yenyewe. Alilijua ziwa kama mtu anavyoijua tabia ya mama mkwe wake.

Mimi nilikuwa mchukuzi gatini. Mkuu wetu wa gati tulimwita Bwana Ratiba, si mbele yake. Alikuwa na ubao mweusi ukutani, ameandika kwa rangi nyeupe: boti la kisiwa cha Ihale, Jumatatu na Jumamosi, saa tatu asubuhi, hapa gatini. Na mwezi ule alikuwa amefanya jambo ambalo wakubwa ndio wanaliweza. Aliwaandikia walio juu yake barua kwamba gugu limekwisha. Akasifiwa. Tangu hapo akatukataza wachukuzi kulitaja. Gugu likiwa limeziba gati tunaliona kwa macho, yeye anasema halipo, na anayesema lipo kazi hana. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini hata darasa la kwanza wanajua kwamba gugu halisomi.

Basi Ijumaa moja akashuka kwenye treni mgeni kutoka Tabora, jina lake Bwana Kasanda. Suruali imepigwa pasi, sanduku la bati mkononi, saa ya mnyororo mfukoni. Alikuwa karani wa stesheni huko kwao. Akaja kwenye kibanda cha mama ntilie kuomba maji ya kunywa, na Nyanjige alikuwa pale anajaza mtungi. Hapo ndipo alipoeleza shida yake, nami niko benchini nakunywa uji.

Alikuwa na binti, Wande, mwuguzi kisiwani Ihale. Huko akapendwa na fundi nyavu aitwaye Mazigo. Washenga wa Mazigo walipofika Tabora, Bwana Kasanda aliwafukuza. Akawaambia, "Mguu wangu hautakanyaga kisiwa chenu." Miaka miwili hakumwandikia bintiye. Kisha ikaja barua fupi: *Baba, ndoa ni Jumamosi saa nane. Kiti chako kitawekwa mbele. Kikibaki kitupu nitakuwa nimepata jibu lako la mwisho, sitakusumbua tena.* Akaikalia barua ile siku tisa kwa kiburi. Siku ya kumi kiburi kikashindwa, akapanda treni. Hapakuwa na nafasi tena ya kutuma jibu. Jibu lilikuwa yeye mwenyewe, afike au asifike.

Nyanjige akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba, umefika mji mzuri, hata kama una usiku mmoja tu usiuache ukupite. Jioni hii panda lile jiwe kubwa la kule juu, uone ziwa lote. Ila vua viatu, soli ngumu inateleza, tumeshaokota wageni wengi pale. Sato usimle hotelini, atakuwa wa jana. Nenda mwaloni mitumbwi inapoingia, uchague anayetikisa mkia, wakukaangie hapo hapo. Na kabla hujauliza bei sema *mwadila*, ndiyo salamu yetu ya jioni. Asiyesalimu anauziwa bei ya asiyesalimu."

Bwana Kasanda akacheka, akaandika yote kwenye kijitabu. Karani ni karani.

"Na botini kaa upande wa kushoto," Nyanjige akaendelea, "jua halitakupiga. Lakini kubwa ni hili: kesho asubuhi, kabla hujaenda popote, pita hapa uniulize boti liko wapi."

Hilo hakuliandika. Akasema kwa upole, "Ahsante, binti yangu. Nimeshapita ofisini, nimesoma ubao."

Nyanjige akamtazama, akajitwisha ndoo yake.

Jioni ile Bwana Kasanda alipanda jiwe pekupeku. Alipoteremka alikuwa mtu mwingine, anasalimia kila mtu *mwadila, mwadila*, kidevu kinang'aa mafuta ya sato. Akasema hajui kwa nini aliwahi kuuchukia upande huu wa dunia. Mji wetu ulikuwa unaweza kumfanya mtu hivyo, na bado unaweza, pamoja na wanaoutawala.

Usiku upepo ukageuka.

Asubuhi saa mbili alikuwa gatini. Mbele yake pamejaa kijani na zambarau mpaka mbali. Akanigeukia mimi, "Kijana, mna bustani nzuri." Nikanyamaza. Bwana Ratiba alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, mikono nyuma.

Saa mbili na nusu. Wakaongezeka wengine, wakafika kumi na mmoja. Bwana Kasanda anatoa saa mfukoni, anairudisha, anaitoa.

Saa tatu kasorobo, akatokea Nyanjige, ndoo zote mbili tupu zinagongana.

"Mwangaluka, wageni! Hapa mnangoja nini? Boti liko Nyamihanga, nyuma ya majabali yale."

Bwana Ratiba akashuka ngazi. "Wewe mama wa ndoo, ondoka hapa. Unawatisha abiria."

"Siwatishi, nawasalimu."

"Boti litakuja hapa. Ubao umesema hapa."

"Ubao unajua kuogelea?"

Watu wakacheka. Bwana Ratiba akavimba shingo. "Litapita, maji yako wazi! Gugu limekwisha, nimeandika barua!"

"Basi iite barua yako ije ilifyeke. Panga nitaiazima."

Bwana Kasanda akaingia kati, jasho linamtoka. "Binti yangu, usinichanganye. Mimi ni karani wa stesheni mwaka wa kumi na tisa. Ikiandikwa treni inafika jukwaa la kwanza, inafika jukwaa la kwanza. Hata ikichelewa siku nzima, itafika hapo hapo! Nikiondoka hapa, likaja, mimi nitamwambia nini mwanangu?"

"Baba," Nyanjige akasema, na sasa hakuwa anatania, "reli haiwezi kulala hapa ikaamka kule. Ziwa linaweza. Watazame hawa unaongoja nao. Yuko mwenye kuku hapa? Yuko mwenye tenga? Unamwona mama hata mmoja wa kisiwani? Wote mna mabegi. Wote mna viatu. Wenye kwao wako wapi?"

Akawatazama mmoja mmoja. Nikaona uso wake unabadilika. Kisha akanigeukia mimi.

"Kijana, wewe unafanya kazi hapa. Anasema kweli?"

Bwana Ratiba naye akanitazama.

Wajukuu, mimi nilikuwa najua tangu alfajiri. Nilikuwa nimemwona yule mzee akiisifu bustani, na nikanyamaza, kwa sababu ya kazi ya kubeba mizigo ya watu. Aibu ile ilinipanda kama homa. Niliinama, nikaliinua sanduku lake, nikaliweka begani, nikaanza kutembea kuelekea majabalini.

"Weka chini!" Bwana Ratiba akapiga kelele. "Ukivuka geti hilo usirudi!"

Nikavuka. Nyuma nikasikia viatu vya watu kumi na mmoja.

Njia ya majabalini ni nyembamba. Bwana Kasanda alivua viatu bila kuambiwa, akavishika mkononi, akawa anakimbia kama mtoto, suruali yenye pasi imekunjwa magotini. Nyanjige nyuma yetu anatembea tu, mwendo wake wa kila siku.

"Binti, kimbia! Saa tatu imefika!"

"Nikimbilie nini, baba? Pipa lao halijajaa."

Akatueleza huku anatembea. Boti la ziwani halifungui kamba pipa lake la maji ya kunywa likiwa pungufu. Ni mwiko wa manahodha wote, tangu boti moja liliponaswa kwenye gugu siku tatu katikati ya ziwa, watu wazima wakagombania kikombe. Asubuhi ile Nyanjige alikuwa amelijaza pipa karibu na mdomo, akaacha pengo la ndoo mbili makusudi. Akamwambia nahodha anakuja, kisha akapanda mlima kwenda gatini kuwatafuta wageni wake.

Bwana Kasanda alisimama pale pale kwenye jiwe. Akamtazama msichana yule na ndoo zake tupu. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sijui yote yalikuwa ya kicheko.

Tulipotokea upande wa pili, maji ya Nyamihanga yalikuwa safi, unaona mchanga chini. Boti limejaa kuku, matenga, mama wa kisiwani wanapiga soga. Nahodha yuko juu anafoka.

"Nyanjige! Ulisema unafuata ndoo mbili tu! Nusu saa nzima!"

"Hizi hapa," akasema, anawaonyesha wale kumi na mmoja. "Sema tu zina miguu."

Boti zima likaangua kicheko. Wakavutwa mmoja mmoja, Bwana Kasanda wa mwisho, akaenda kukaa kushoto. Ndipo Nyanjige akaingia majini mpaka mapajani, akachota, akajaza pipa. Kamba zikafunguliwa.

Mengine Bwana Kasanda alitusimulia aliporudi Jumatatu. Alisema alifika watu wameshaanza kuimba. Kiti kilikuwa pale mbele, kitupu, kimefunikwa kitenge kipya. Bintiye alikuwa amekipa mgongo, hakitazami. Bwana Kasanda alipenya katikati ya watu. Alikwenda akakaa, na kiti kile cha mbao kikalia chini ya uzito wake. Wande akageuka.

Jumatatu hiyo Bwana Kasanda alishuka Nyamihanga, akatembea mwenyewe mpaka gatini, akachukua chaki mfukoni, na chini ya ule ubao akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa karani: *Mji wa maji, muulize mchota maji.* Bwana Ratiba akafuta. Kesho yake mtu mwingine akaandika. Akafuta. Wachukuzi wakaandika, wauza dagaa wakaandika, hata wasiojua kusoma walikuwa wameshayashika kwa kichwa, wanamwimbia akipita. Maneno yakapanda treni na wageni, yakaenda Tabora, yakaenda mbali, na huko yakasahau yalikotoka.

"Na wewe, babu?" Kabula anauliza. "Kazi ulirudishiwa?"

Nirudishiwe na nani? Bwana Ratiba alipandishwa cheo mwaka ule ule, kwa kumaliza gugu. Nilikaa miezi mitatu bila kazi, navua dagaa na watu. Lakini siku moja Nyanjige alinikuta njiani, akaniambia, "Gatini pale walikuwa watu wengi wa kusema. Mmoja tu ndiye aliyejibu." Mwaka uliofuata nikamwoa. Ndiyo, huyo huyo. Bibi yenu, ambaye ninyi mmemjua akiwa mzee wa kuketi.

Walituletea mabomba baadaye, wakapiga ngoma siku ya kuyafungua. Mabomba yakatoa maji wiki mbili. Kwa hiyo alichota mpaka miaka sitini. Alipougua, nilimpeleka kunakopelekwa wagonjwa, nikaambiwa dawa zipo kwenye orodha. Kwenye orodha, si kwenye kabati. Nikamrudisha nyumbani. Sitaki kusema zaidi ya hapo, nikisema nitaharibu siku yenu.

Ila nendeni Kigoma kwa furaha. Ni ziwa jingine, lina watu wake, na watu wa maji ni wazuri ukiwaendea vizuri. Mtakuta ofisi, na ofisi itakuwa na ubao. Usomeni, si dhambi. Kisha tokeni nje, mtafuteni mtu mwenye miguu iliyolowa. Msalimuni kwa salamu ya kwao, msimwite mama wa ndoo. Mumuulize leo amechota wapi, na atakachowaambia mkiandike.

Mji wa maji, wajukuu zangu, muulize mchota maji.