Fundo la Mgema

Mnaitika? Basi tegeni sikio.

Mbwa wa Mbodze, aliyelifukuza zimwi kila jioni, alichomwa mwiba mguuni. Mbodze akautoa, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi vuguvugu, akakifunga kwa kipande cha kanga. Asubuhi mwiba umerudi. Akautoa, akaosha, akafunga. Umerudi. Siku ya tatu akalichunguza fundo: si lake, ni lile wagema hufungia kibuyu mnazini. Na mgema ni mumewe, Ngowa.

Mbwa akanena: "Alinibembeleza, mama, nami nikampa mguu."

"Ngowa! Kanga ya harusi yetu nimeichana, kumbe ni wewe?"

"Zimwi limeniahidi mnazi usiokauka tembo, mke wangu. Linakutaka wewe tu."

Mbodze akambeba mbwa, akaondoka. Jioni zimwi lilimkuta Ngowa peke yake, nalo lilikuwa na njaa.