Milioni Tatu za Kwenye Karatasi

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ya wafalme, ni zamani ya juzi juzi tu, katika mji mmoja wa Nyanda za Juu, kwenye baridi na viazi, aliishi mjane jina lake Atuganile. Kazi yake kuuza viazi. Miaka sita alikodi magari ya watu, na miaka sita kila dereva alimpunguzia gunia njiani. Akachoka. Akasema, sasa nanunua langu.

Mwenye gari alikuwa Mzee Mwakibete, bwana shamba mstaafu, na gari lenyewe pikapu nyeupe. Wakavutana, wakapatana. Milioni tisa. Hizo tisa, jamani, ndizo zilikuwa maisha yote ya Atuganile. Nyuma yake hapakuwa na senti nyingine.

"Baba, niambie kweli," akasema Atuganile. "Gari hili limewahi kuguswa?"

"Injini nilibadilisha, mwanangu. Ya kwanza ilikufa. Hii ni nzima kuliko mimi."

"Hiyo si neno, mradi inavuta."

Mmesikia? Aliambiwa. Ila hakuuliza risiti, na mzee hakusema kwamba hana. Injini ile aliinunua uchochoroni bila risiti, maana bila risiti alipunguziwa bei. Wala ofisini hakwenda kuiandikisha.

Basi wakakaa kuandika mkataba. Atuganile akashusha sauti. "Baba, tukiandika tisa, kodi ya kuhamisha umiliki itanimaliza. Tuandike tatu."

"Tuandike. Mji huu nani anaandika bei ya kweli?"

Na ni kweli, msiniangalie hivyo. Katika mji ule, gari likiuzwa mtu kwa mtu lilikuwa na bei mbili, bei ya mdomoni na bei ya karatasini. Wakaandika tatu, wakatia sahihi. Lakini wino haujakauka, wasiwasi ukaingia.

Atuganile hakumwamini mzee. Akawaza, huyu kesho atasema nilimpa tatu. Akataka karatasi ya pili, yenye tisa, nayo itiwe sahihi. Mzee hakumwamini Atuganile. Akawaza, huyu kesho atanipeleka nayo kwa watu wa kodi. Akakataa isikae kwake huyo mama. Na mama akakataa isikae kwa mzee. Wakatazamana kama paka wawili.

Mwisho wakampa shahidi wao, Tumpale, mweka hazina wa kwaya, mwanamke ambaye tangu azaliwe hajasema uongo. Akaikunja, akaiweka kabatini. Akaapa kuitunza.

Wiki ya tatu, uvumi ukaja. Watu wa kodi wanapita nyumba kwa nyumba, wanaulizia magari yaliyouzwa. Tumpale akawaza, wakiniuliza kama ninayo, nitasemaje mimi? Akaitoa kabatini, akaitia kwenye jiko la mkaa. Sasa wakiuliza, atasema hana, na itakuwa kweli tupu! Hakumwambia mtu. Na watu wa kodi wenyewe hawakuja.

Mwezi wa pili Atuganile akaenda ofisini kuhamisha kadi. Afisa akafungua boneti, akasoma namba, akasoma kadi, akasoma namba tena.

"Mama, injini hii siyo ya gari hili. Risiti yake iko wapi?"

"Risiti gani, mwanangu?"

"Bila risiti tutajuaje kama haikuibwa?" Pikapu ikabaki uani kwao, geti likafungwa.

Atuganile akakimbia kwa mzee. "Baba, risiti!" Mzee akasema hana. "Basi nirudishie pesa yangu."

"Nitakurudishia. Milioni tatu."

"Tatu! Nilikupa tisa kwa mikono hii!"

"Mkataba unasema tatu, na tatu uliitaja wewe. Nikikupa tisa nimejishtaki mwenyewe kwamba nilidanganya kodi. Halafu miezi miwili ulikuwa nalo milimani. Nitajuaje hukubadilisha injini yangu nzuri ukanitilia hiyo?"

Atuganile akakimbia kwa Tumpale. Tumpale akalia kabla hajaulizwa, akakiri karatasi ameichoma. Ndipo mama wa watu akaketi chini palepale mlangoni, akaona miaka sita yote imekwenda na moshi.

Wakafikishana kwenye baraza la kata. Mwenyekiti, mama mmoja mkali, akasema kila mtu aseme lake.

Atuganile akasema: "Mimi nimekosa nini? Nilipunguza bei ya karatasi, sikupunguza pesa ya mtu. Tisa nilitoa, tisa nazitaka."

Mzee Mwakibete akasema: "Mimi nimekosa nini? Injini nilimwambia, akasema si neno. Uongo wa milioni tatu aliutaka yeye, mimi naufuata tu."

Tumpale akasema: "Mimi nimekosa nini? Mlinipa siri yenu niilalie mimi. Niliichoma nisije nikasema uongo kwa mdomo wangu."

"Uliapa kutunza!" akafoka Atuganile.

"Na nyie mliapa kwenye mkataba!"

Mwenyekiti akashika kalamu, akaiweka, akaishika tena. "Nikiandika tisa," akasema, "nimewapeleka wote watatu kwa watu wa kodi, na faini haitamwacha hata huyu mjane. Nikiandika tatu, nimemnyang'anya mjane milioni sita mchana kweupe, na mimi mwenyewe nimetia muhuri." Akawatazama waliojaa barazani. Kila aliyetazamwa aliinamisha macho, maana wengi walikuwa na karatasi zao nyumbani.

Atuganile akasema kwa sauti ndogo, "Andika tisa, mama. Afadhali faini." Mzee akaruka, "Usiandike!" Tumpale akajifunika khanga usoni.

Sasa msinijibu harakaharaka, nyie mnaocheka huko nyuma. Semeni kwanza kadi za magari yenu zimeandikwa majina ya nani. Kisha mniambie: aliyetaka uongo uandikwe, aliyeuza injini isiyo na risiti, na aliyechoma ukweli ili asidanganye. Milioni sita zimepotea kati yao. Je, nani alistahili kuzilipa?